Mlinzi wa Dirisha Jeusi

Kwa miaka minne watu walimwita Dada wa Fotokopi, ingawa mitatu kati ya hiyo alikuwa fundi wa tovuti. Lakini nani atakuita fundi wa tovuti ukiwa umesimama nyuma ya mashine inayotema karatasi, kidole gumba kimejaa wino, na mteja anakuuliza kama karatasi zenu ni zile nzito au zile za kufungia maandazi? Heshima ya mtu hufuata mashine aliyosimama karibu nayo. Angesimama karibu na mashine ya kupima moyo wangemwita daktari, hata kama kazi yake ingekuwa kuipangusa vumbi.

Duka lilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele kilikuwa na kaunta ya kalamu na bahasha, fotokopi, na meza ndogo iliyobanwa kati ya fotokopi na ukuta. Meza hiyo ndiyo iliyokuwa idara nzima ya teknolojia. Cha kati kilikuwa ofisi ya Bosi. Cha nyuma kilikuwa na dirisha, mlango unaofungika, na maboksi ya kalenda za mwaka ambao hakuna aliyetaka kuukumbuka. Huyu dada alikitamani kile chumba kama wengine wanavyotamani kiwanja.

Jumatatu moja Bosi alimwambia, "Tovuti ya Daktari ikipita, chumba cha nyuma ni chako. Fotokopi nitaitafutia mtu."

Aliyasema hayo mbele ya Shangazi, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Shangazi alikuwa dada wa baba yake Bosi, ndiye aliyesimamia kaunta, na hakuwahi kusahau kitu chochote isipokuwa umri wake mwenyewe.

Daktari mwenyewe alikuwa daktari wa meno, mama wa makamo mwenye viti vitatu vya wagonjwa na subira ya nusu kiti. Tovuti yake ya zamani ilikuwa na namba ya simu iliyokosewa. Kwa miaka miwili watu wenye meno mabovu walikuwa wakimpigia fundi wa magari, ambaye mwishowe alianza kuwashauri wasukutue kwa maji ya chumvi. Kila Daktari alipomtafuta aliyeitengeneza, jibu lilikuwa, "Linashughulikiwa." Sasa alikuwa amehamia kwa Bosi, na angekuja kuikagua kazi Ijumaa ya wiki ya pili, saa nne asubuhi. Isipompendeza, ataondoka, na Dada wa Fotokopi atabaki na jina lake.

Tovuti, kama mtu, lazima ivalishwe. Kuna faili linaloiambia ivae nini: rangi hii, herufi kubwa kiasi hiki, kitufe kikae pale. Fundi aliyemtangulia huyu dada, bwana mmoja aliyeacha kazi akaondoka na chaja ya ofisi, aliandika mavazi ya tovuti zote za duka kwenye faili moja la mistari elfu sita, na ndilo lililosubiri kuivalisha ya Daktari. Ukitaka kubadilisha rangi ya kijani, unaitafuta sehemu arobaini na moja. Ukibadilisha arobaini, ile moja inakungoja mbele ya mteja.

Dada akalikatakata. Faili moja la rangi tu, moja la herufi, moja la vitufe, moja la menyu, hadi vikawa vipande ishirini na tatu, kila kimoja kifupi kama barua ya kuomba ruhusa. Tatizo ni kwamba brauza, ile programu ya kufungulia kurasa, haina muda wa kusoma vipande vya mtu. Inataka faili moja. Kwa hiyo ilibidi vipande viunganishwe kila mara kwa amri iliyoandikwa kwa mkono. Badilisha, andika amri, tazama. Badilisha, andika amri, tazama. Siku ya tatu akachoka, akawasha programu ya kumfanyia hilo. Inakaa ndani ya dirisha jeusi kwenye skrini, macho kodo. Ukihifadhi kipande chochote, hata ukiwa umeongeza nukta, inaviunganisha vyote upya kabla hujapepesa, inaandika mstari mmoja kwamba imemaliza, inanyamaza. Aliiita Mlinzi. Katika mtaa ule ilikuwa ya kwanza yenye cheo hicho kukaa macho kazini.

Nyumbani aliishi na mama yake, fundi cherehani, na kwa mama hakuna jambo linaloeleweka mpaka lipitie kwenye kitambaa.

"Ni kama vile karatasi zako za kukatia, mama. Kola karatasi yake, mkono karatasi yake. Ukitaka kubadilisha kola, unabadilisha karatasi ya kola tu."

"Hilo najua toka hujazaliwa."

"Sasa ukishabadilisha karatasi ya kola, nguo inajishona yenyewe. Yote. Papo hapo."

Mama alisimamisha pasi hewani. "Inajishona?"

"Inajishona."

"Basi wewe wanakulipa kwa lipi?"

Aliuliza bila ubaya, lakini kumbe ndilo swali lililokuwa likimkosesha raha Bosi wiki nzima. Enzi za amri za mkono Bosi aliipenda sana teknolojia. Alisimama mlangoni na chai yake akasikiliza vidole vikigonga, takataka-takataka, akajua kwamba mshahara unafanyiwa kazi. Tangu Mlinzi aajiriwe, dada anaandika mstari mmoja, anahifadhi, anaegemea kiti, anautazama ukurasa kwa mawazo. Hakuna bosi duniani anayevumilia mfanyakazi mwenye mawazo.

"Naona siku hizi umepata nafuu," Bosi alimwambia.

"Inajiunganisha yenyewe, Bosi."

"Vizuri. Kama inajiunganisha yenyewe, njoo umtolee kopi mzee huyu."

Na dada akaenda, akamtolea mzee kopi, na nyuma yake Mlinzi akaendelea kukodoa macho.

Lakini Bosi alikuwa na jambo lingine moyoni. Miaka kadhaa iliyopita alihudhuria semina ya siku mbili ya kompyuta, akatoka na cheti na ujuzi mmoja: kufungua faili na kubadilisha rangi ya kitu. Cheti alikitundika. Ujuzi ulikuwa bado haujapata kazi. Jumatano ile ya kwanza alifungua folda ya pamoja, ile ambayo kompyuta zote mbili za ofisi ziliiona, akakuta vifaili ishirini na tatu na faili moja refu. Mwanamume mwenye heshima zake hafungui vifaili. Akafungua lile refu. Mstari wa kwanza uliandikwa kwa herufi kubwa: USIGUSE, FAILI HILI LINATENGENEZWA NA MASHINE. Bosi aliusoma, akaukubali kwa kichwa kama mtu anayesoma "Usiegeshe hapa" kwenye geti lake mwenyewe, akashuka chini kutafuta kitufe cha kuweka miadi. Kilikuwa kijani. Akakifanya chekundu.

Alitazama ukurasa. Chekundu, kinawaka kama taa ya breki. Akajiona msanii. Akaenda kaunta kumwita Shangazi aje aone, na Shangazi akaja na miwani yake, na kitufe kilikuwa kijani.

"Kizuri," Shangazi akasema. "Kijani kinatuliza."

Kilichotokea katikati ni kwamba dada, kule mbele, alikuwa amehifadhi kipande cha herufi, na Mlinzi akaviunganisha vyote akaliandika upya faili refu, na nyekundu ya Bosi ikafagiliwa pamoja na takataka nyingine. Mlinzi hakujua kuwa kuna bosi. Na dada hakuiona ile nyekundu hata siku moja, kwa sababu yeye huutazama ukurasa baada ya kuhifadhi, wakati nyekundu imeshakufa. Watu wawili chini ya paa moja, kila mmoja na tovuti yake.

Bosi akairudisha. Ikapotea. Akairudisha baada ya chakula cha mchana, ikakaa dakika ishirini, akaanza kupiga mluzi, ikapotea. Siku ya nne mluzi ulikwisha.

"Huyu binti ananifutia," alimwambia Shangazi kwa sauti ya chini.

"Anakufutia nini?"

"Nyekundu yangu."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Mimi ni bosi."

"Basi bosi, nyamaza," Shangazi akasema, akaendelea kupanga bahasha.

Alinyamaza, lakini alinyamaza kwa kishindo. Akaacha kumsalimia dada kwa jina la utani, akaanza kumwita "mwenzetu." Dada akadhani ni wasiwasi wa mteja mkubwa, akazidisha bidii, akawa anahifadhi mara nyingi zaidi, na nyekundu ikawa inauawa mara nane kwa saa.

Alhamisi jioni, dada alipokwisha kwenda, Bosi aliketi kwenye ile meza ndogo kumpeleleza adui. Akaona dirisha jeusi. Akaona mstari wa mwisho ulioandikwa humo, na saa yake. Akarudi ofisini, akaitazama saa ambayo nyekundu yake ilipotea mara ya mwisho. Zilifanana. Bosi hakuwa mjinga. Alikuwa tu hajazoea kufikiri bila shahidi. Akarudi akalifunga dirisha jeusi, akaweka nyekundu, akakaa kuitazama robo saa nzima. Haikutikisika. Akakikuza kitufe kidogo, kwa furaha tu, akafunga duka.

Ijumaa dada alifika mapema apitie kila ukurasa. Mlangoni alimkuta mwanafunzi wa chuo na tasnifu ya kurasa mia mbili na kumi, nakala tano, na sura ya mtu aliyeambiwa mwisho ni leo tangu jana. Fotokopi ikachemka hadi saa nne kasoro dakika tano. Karatasi ya mwisho ilikuwa bado ya moto Daktari alipoingia, akavuta kiti mwenyewe, akaketi kati ya mashine na ukuta magoti yakigusa meza.

"Tuone," akasema.

Bosi alisimama nyuma yao. Shangazi alikuwa kaunta akihesabu penseli zilezile kwa mara ya tatu.

Dada akafungua ukurasa. Katikati yake kilikaa kitufe chekundu, kikubwa kama kifuniko cha sufuria.

Macho yalimtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Hicho nini?" Daktari akauliza.

"Cha miadi," Bosi akajibu kwa upole, kama baba anayetambulisha mtoto.

"Mgonjwa wangu anafika hapa tayari anaogopa damu. Nyinyi mnampokea nayo mlangoni?"

"Dakika moja, Daktari," dada akasema.

"Yule wa kwanza naye aliniambia dakika moja. Ilichukua miaka miwili."

Dada akafungua kipande cha rangi. Kijani kilikuwa kimeandikwa pale pale alipokiacha. Akahifadhi. Chekundu. Akabadilisha kijani kikawa kijani kingine, akahifadhi, akapakia ukurasa upya. Chekundu. Alipohifadhi mara ya tatu alihisi kile chumba cha nyuma kikirudi nyuma zaidi, na dirisha lake, na mlango wake, hadi kikawa kidogo kama stempu.

Mafundi wa tovuti wana desturi yao. Ukurasa usipokusikia, unaupigia kelele: unauwekea kitu kibaya kiasi kwamba kikitokea hata kipofu atajua, ili tu uhakikishe kuwa mko pamoja. Dada akaandika mandharinyuma yote iwe waridi, lile kali la dawa ya kikohozi ya watoto. Akahifadhi. Kimya. Akafungua kipande cha herufi, akakifanya kichwa cha ukurasa, neno MENO, kiwe kikubwa kama bango la dawa ya panya. Kimya. Akafungua kipande cha menyu, akaipindua kichwa chini miguu juu. Akahifadhi.

Chekundu kilikuwa palepale, kimetulia, hakina habari.

Daktari alitazama saa yake. Hapo ndipo dada alipokumbuka kumtazama aliyepaswa kumtazama tangu mwanzo. Akalitafuta dirisha jeusi. Halikuwepo.

"Mlinzi hayupo," akasema.

Daktari aligeuka kuangalia mlangoni. "Mlikuwa na mlinzi?"

"Dirisha jeusi. Lilikuwa hapa jana. Bosi, umeliona dirisha jeusi?"

Bosi alikuwa akikagua dari. "Nililifunga."

"Ulilifunga?"

"Lilikuwa wazi tu, halina mtu."

Dada alivuta pumzi ambayo ilikuwa na maneno ndani, akayameza maneno. Akaandika amri ya kuliwasha tena. Mlinzi akaamka, akazunguka zamu yake, akaona vipande vitatu vimeguswa yeye akiwa hayupo. Alikuwa mlinzi mwaminifu. Hakuuliza nani kavigusa wala kwa akili gani. Akaviunganisha vyote kwa mkupuo, na dada, ambaye katika hekaheka zile alikuwa amezisahau kelele zake, akapakia ukurasa kwa ujasiri mbele ya mteja.

Skrini yote ikawa waridi. Neno MENO likajaa kutoka ukingo hadi ukingo. Menyu ikaning'inia juu chini kama popo.

Shangazi alikuwa ameshaacha penseli na kuja kusimama nyuma ya Bosi.

"Sasa haya," Shangazi akasema taratibu, "ni meno ya nani?"

Daktari akacheka. Alicheka cheko la mtu anayejua kitaalamu mdomo unavyoweza kufunguka, hadi mwanafunzi wa tasnifu aliyekuwa akipanga kurasa zake pembeni akacheka naye bila kujua kisa. Dada hakucheka. Akafuta waridi, akahifadhi: weupe. Akapunguza herufi, akahifadhi: zikarudi kimo cha binadamu. Akaisimamisha menyu. Kitufe kilikuwa kijani. Sekunde kumi hazikufika.

Daktari aliacha kucheka. "Ngoja. Umefanya nini hapo?"

"Nimebadilisha faili dogo, Daktari. Mlinzi ameunganisha."

"Na ukurasa umebadilika sasa hivi."

"Sasa hivi."

"Rudisha waridi."

Dada akarudisha.

"Toa."

Akatoa. Daktari alikisogeza kiti, na magoti yakaingia chini ya meza kabisa. Miaka miwili aliandika barua ili tarakimu moja ibadilishwe, na sasa hapa kuna binti mwenye wino kwenye kidole anabadilisha ulimwengu kila anaposema neno. Akataka namba ya simu ikuzwe. Ikakua. Akavua miwani, akarudi nyuma hadi mlangoni, akakunja uso. "Bado. Wagonjwa wangu nusu yao husahau miwani nyumbani." Ikakua tena. Akataka kijani kipauke, kisha kikolee, kisha "kile cha kwanza kabisa, nisamehe." Kila mara Mlinzi aliandika mstari wake mmoja akanyamaza.

Bosi alikuwa akiutazama ule mstari. Aliuona ukitokea, akauona ukurasa ukibadilika, akaona tena, na tena, na jambo likaanza kumpambazukia polepole na kwa maumivu.

"Ile nyekundu ilikuwa yangu," akasema ghafla.

Dada aligeuka. "Uliiandika wapi?"

"Kwenye lile refu."

"Bosi. Mstari wa kwanza wa lile refu umesema nini?"

"Usiguse."

"Sasa?"

"Nilidhani unaambiwa wewe."

"Siku tisa," Shangazi akamfafanulia Daktari. "Siku tisa anaipaka, mashine inafuta, anaipaka. Usiku halali. Na binti wa watu hajui lolote, anamwita bosi, anamletea chai."

"Shangazi."

"Nimesema uongo?"

Daktari aliinuka, akachukua mkoba wake. "Naichukua tovuti," alimwambia Bosi, kisha akamgeukia dada. "Na nikitaka kitu kibadilishwe, wewe nakupata wapi?"

Kabla dada hajajibu, bwana mmoja aliingia na kitambulisho mkononi, akapita kila mtu, akamnyooshea. "Dada wa fotokopi, nakala mbili."

Dada hakunyoosha mkono. Haukuwa ujeuri, alikuwa tu anasubiri kusikia jibu la swali la Daktari, kama wote walivyokuwa wakisubiri. Shangazi alikohoa kikohozi kirefu chenye Jumatatu fulani ndani yake.

"Chumba cha nyuma, Daktari," Bosi akasema. "Mlango wa mwisho. Ana ofisi yake."

Akakipokea kitambulisho yeye mwenyewe. Alikilaza kwenye kioo, akabonyeza, akatoa nakala mbili zilizo safi kabisa za upande mweupe wa nyuma.

Maboksi yaliondolewa siku ileile. Bosi na Shangazi waliyabeba, mmoja akibeba na mwingine akielekeza. Dada alihamisha kompyuta yake, kikombe chake na ile karatasi ya mama ya kukatia kola, ambayo aliigandisha ukutani pasipo maelezo. Kitu cha kwanza alichofungua ni dirisha jeusi. Cha pili alikitengeneza: kipande cha ishirini na nne, akakipa jina la Bosi. Kinatawala ukurasa mmoja tu, ule unaotokea mgonjwa anapopotea njia ndani ya tovuti. Alimwelekeza Bosi, akamwambia kwamba humo aandike chochote, ahifadhi, na hakuna kiumbe kitakachomfutia. Bosi aliandika, akahifadhi, akatazama. Kikakaa. Alikipigia mluzi hadi jioni, huku wateja wa fotokopi wakijipanga foleni.

Jumatatu alisimama nje ya mlango wa chumba cha nyuma. Wiki iliyopita angemfuata tu mezani, chai mkononi, sauti ikimtangulia. Sasa kulikuwa na mlango, na ulikuwa umefungwa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akagonga mara mbili kwa kiungo cha kidole.

"Nani?"

"Mimi." Akasafisha koo. "Fundi, nilikuwa nauliza tu kama una nafasi. Nataka kuzilaza herufi za ukurasa wangu, ziinamie upande."

Ndani kulikuwa na mlio wa vidole, kisha kimya cha mtu anayewaza.

"Nipe dakika tano, Bosi," fundi akasema, na Bosi akamsubiri.